Herufi za Mkono wa Kushoto

Cephas alikuwa mchoraji wa maandishi pale Mbita. Ukisoma jina ubavuni mwa boti ya uvuvi, aghalabu ni yeye aliyelipaka. Herufi zake zilinyooka kama zimepigwa chapa. Kisha mkewe Rispa akapatwa na kiharusi.

Ugonjwa ulimchukua Rispa upande wote wa kulia, na ulimi pia. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, katika daftari kuukuu la mtoto wao Bravin. Kila ukurasa ulianza vilevile, "Wuon Bravin", yaani baba Bravin, kisha haja yake: maji, chai, funga dirisha. A zake zilikuwa wazi tumboni, na R ilikokota mguu kama yeye mwenyewe. Cephas alizisoma kwa miezi kumi na minne.

Baada ya mazishi alirudi ufukweni kupaka boti ya mteja. Alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili kutazama, akakuta ameandika kwa herufi za Rispa. Hakukusudia. Mwenye boti alizipenda, na wengine wakaja wakitaka zizo hizo.

Sifa zake zikamfikia Terry, msichana wa Migori ambaye kazi yake ni kubuni herufi za kompyuta. Alikuwa anatafuta mtindo usiofanana na mwingine wowote. Alipouliza zilikotoka, Cephas aliingia ndani akamletea daftari. Terry akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Q na X hazikuwamo. Rispa hakuwahi kuhitaji kitu chenye herufi hizo.

Miezi mitatu baadaye Terry alirudi na laptopu. Akaketi na Cephas barazani, akabonyeza, na kwenye skrini yakatokea maneno: "Wuon Bravin, asante." Alitaka tu kumshukuru mzee.

Cephas hakubandua macho kwenye skrini.

"Futa hiyo, nyara," akasema mwishowe. Alikuwa amezoea kumwita hivyo, yaani binti yangu.

"Nimekosea, baba?"

"Hujakosea. Siku yake ya mwisho alianza kuniandikia, na mimi nilikuwa natoka haraka, kuna boti inanisubiri. Nikamwambia nitasoma nikirudi. Niliporudi alikuwa ameshaenda. Kwa daftari kulikuwa na jina langu tu, hakuna kingine."

Terry akafuta.

Cephas hakumkataza kuendelea. Alimwomba jambo moja tu, asizipe herufi hizo jina la Rispa, na Terry akakubali. Mwaka uliofuata zilionekana kwenye mabango ya Homa Bay, zikitangaza saruji na mikutano ya injili, na watu wakapita chini yake bila kujua.

Yeye mwenyewe alirudia herufi zilizonyooka. Wenye boti walipomsihi awapakie zile za Rispa, aliwajibu kwa upole kwamba mkono umezisahau.