Majani Aliyoyalaza Damiano

Insha ilirudi kutoka Dar es Salaam mwezi Machi mwaka 1997, imechorwachorwa kwa wino mwekundu mpaka inatia huruma. Edina aliifungulia palepale posta ya Mbinga mjini, akaisoma amesimama, watu wakimpita na kumsukuma mabega. Swali lilikuwa moja tu: jadili matumizi ya ishara katika riwaya uliyosoma. Alikuwa amejaza kurasa sita kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la nne, na msahihishaji akazimaliza zote kwa maneno machache: "Umekosea kiini. Kufukia majani hapa ni ishara ya kaburi. Mhusika amekubali kwamba mumewe harudi. Andika upya, ifike kabla ya mwisho wa Aprili."

Hiyo ilikuwa insha ya mwisho ya kozi yake ya posta. Bila hiyo hakuna cheti, na miaka mitatu ya kusoma huku anafundisha ingekuwa kazi bure.

Riwaya yenyewe ilihusu mwanamke ambaye mumewe alikwenda kukata mkonge asirudi. Kila mvua zikikolea, mwanamke huyo hufyeka majani, akayapeleka shambani na kuyafukia. Mwandishi hasemi kwa nini. Edina alipofika ukurasa huo mara ya kwanza alicheka peke yake kwa furaha. Kwani kulikuwa na la kuuliza? Mwanamke analima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo! Akaandika kwamba kufukia ni kungojea, kwa sababu mtu hafukii majani ila anategemea kula. Kwamba kisa hicho kilitokea mbali kabisa na Umatengo, kwa watu ambao hawajawahi kuiona ngoro hata kwenye picha, hilo halikumpitia kichwani.

Tusimcheke sana. Ngoro hakuzaliwa nayo. Yeye ni wa Liuli, mtoto wa Kianglikana wa kando ya ziwa, aliyekulia kwenye mihogo na dagaa. Aliletwa Mkumbi, huku Umatengo, na ualimu, akabakizwa na Damiano, karani wa kupima kahawa katika chama cha ushirika cha kijiji. Damiano ndiye aliyemfundisha. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa vyumba vyumba. Mwanamke anachota udongo katikati ya kila chumba na kuyafunika. Panabaki shimo la kutuliza maji ya mvua, na kwenye tuta linalolizunguka unapanda maharage. Matuta ya kwanza ya Edina yalipinda. Damiano alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka na kuyanyoosha, mkono wake juu ya mkono wa Edina.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia na magari yao, chama kikakosa cha kupima, na Damiano akakosa kazi. Machi 1995 alilaza majani, Edina akafunika. Mwezi Mei akaenda Tunduru kuchimba vito. Barua moja ilikuja. Halafu wakasikia amevuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Halafu kimya.

Mwaka uliofuata Edina aliliacha shamba lilale. Shemeji yake Kilian alijitolea kumlazia majani, akamkatalia. Kijijini wakasema mwalimu amezidiwa na vitabu, naye akawaacha waseme. Ukweli ni kwamba alimtamani mumewe, na aliona kwamba siku mtu mwingine atakapolaza majani pale, yeye ndiye atakuwa amemfungia Damiano mlango. Na sasa mtu wa Dar es Salaam, ambaye hamjui, anamtaka aandike hivyo hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Jumamosi mbili mfululizo alikaa na karatasi, akaandika "Mhusika amekubali kwamba" na kuishia hapo.

Jumamosi ya tatu mama mkwe wake, Bonifasia, alimkuta hapo mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita shambani kwako. Majani yamefika kifuani, na mwezi ndio huo unakwisha."

"Nina insha, mama."

"Insha gani hiyo isiyokwisha?"

Edina akamsimulia yote, kitabu na wino mwekundu. Bonifasia alisikiliza kwa makini, kama mtu anayepewa habari za jirani.

"Huyo mwanamke, ana mkwe?"

"Kitabuni hatajwi, mama."

"Ndiyo maana anafyeka peke yake." Akafungua kanga aliyokuja nayo kwapani. Ndani yake mlikuwa na nyengo ya kufyekea, mpini umeng'aa kwa kushikwa. Edina aliijua kabla haijatoka yote. "Niliichomeka darini kwangu, nikawa naipaka mafuta ili akija aikute kali. Mimi ni mama yake, nimengoja. Inuka twende."

Walifyeka wawili, mama wa miaka sitini na mkwewe, wakalaza mistari iliyopinda vibaya. Kisha Edina akashika jembe. Ngoro mpya huchimbwa pale yalipopita matuta ya zamani, kwa hiyo jembe lilikuwa linafumua tuta la 1995. Alichimba taratibu. Alikuwa anatafuta majani ya Damiano. Hakuona hata unyasi mmoja. Ulikuwa udongo mweusi, laini, umejaa minyoo. Akapiga magoti na kuuchambua kwa vidole.

"Unatafuta nini?" aliuliza Bonifasia.

"Majani yake, mama."

"Si ndiyo hayo umeyashika."

Edina alilia pale kwa sauti, na Bonifasia hakumnyamazisha. Jioni ilipofika walikuwa wameshapanda maharage mistari mitatu.

Insha aliiandika Jumapili baada ya ibada, kwa kikao kimoja. Aliandika kwamba msahihishaji amesema kweli, aliyeondoka harudi. Akaandika pia kwamba kaburini hakupandwi kitu, ila mwanamke huyu kila mwaka anapanda. Majani hayafukuliwi yakawa majani tena. Yanakuwa udongo, na aliyeachwa anakula kutoka humo, huku bado anamtamani aliyeyalaza.

Jibu lilikuja Juni, maharage yakiwa yanakauka. Amefaulu. Pembeni mwa ukurasa wa nne, kwa wino uleule mwekundu, msahihishaji alikuwa ameandika: "Hoja nzuri sana, ila hukutaja chanzo. Umeitoa wapi?"

Insha ilikuwa imeshapita, na hakuna mtu ambaye angeisoma tena. Hata hivyo Edina alivuta kiti, akachukua kalamu, na chini ya ukurasa, kwa utaratibu wote wa kitaaluma aliofundishwa, akaandika:

Damiano Ndunguru. Shamba la Mkumbi, Machi 1995.