Chumba Kilichoegemea Bani

Mama mkwe wangu alinigusa mara moja tu katika maisha yetu yote, na siku hiyo alinigusa ili kuniburuta kwa miguu. Kwa Wanyamwezi wa umri wetu jambo hilo si dogo. Mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Nikiwa nimeketi chumbani, yeye haingii. Akiwa na neno kwangu, hulisema kwa sauti akiwa upande wa pili wa ukuta, na mke wangu huniletea neno lilelile ambalo nimekwisha kulisikia. Nami hujibu kwa njia hiyohiyo. Naanza na desturi hiyo kwa sababu nilijificha ndani yake.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Tulitoka kwenye makazi yetu ya zamani katikati ya miombo, tukapewa kiwanja katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Urambo, nyumba zimepangwa mistari kama askari. Kiwanja chetu kilikuwa cha mwisho. Nyuma yake palikuwa na bani kuukuu, yaani jengo la matofali la kukaushia tumbaku kwa moto, na nyuma ya bani palipita kitu kama mfereji mpana usio na kina, umeota nyasi fupi. Wageni waliudhani njia ya maji. Wenyeji walijua kuwa ni njia ya misafara, ile ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, na kwamba hakuna jembe lililoichimba ila nyayo. Babu yake mama mkwe alikuwa mpagazi. Alipita hapo na pembe begani, zaidi ya mara moja.

Tulihamia pale na mabinti wawili. Awali tulikuwa na watoto watatu. Mkubwa alikufa kwa surua aliyoipata shuleni tulikotoka. Baada ya msiba ule mke wangu na mimi tukawa watu wa kuogopa kila kitu. Maji tuliyachemsha mpaka yakakosa ladha. Asubuhi na jioni niliwashika watoto paji la uso. Nilikuwa na daftari nililoandikia kila walicholalamikia: kikohozi, tumbo, homa, vidonge vya klorokwini vingapi na saa ngapi. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na elimu hiyo ilinipa kiburi cha kudhani kwamba jambo likishaandikwa limekwisha kueleweka.

Kwa hiyo shule ya kijiji ilipofunguliwa, nilikataa kuwapeleka. Binti mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo wake sita. Nikasema nitawafundisha mwenyewe. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtani wangu, akaja na baiskeli yake.

"Mkuu wa Chuo cha Bani! Wanafunzi hawajambo?"

"Wazima."

"Wakihitimu utawavisha majoho ya majani ya tumbaku?"

"Afadhali jani la tumbaku kuliko sanda."

Akaacha kucheka. "Ndugu yangu, kila mtoto anatakiwa darasani, unajua. Nitasema wana kifua. Lakini mpaka mavuno tu. Baada ya hapo usije ukaniaibisha mbele ya Chama."

Kifua hakikuwa uongo mtupu. Yule mkubwa alikohoa kila masika, na mimi nilikuwa nimekwisha kupata dawa yake: joto. Tumbaku yetu ya mvuke hukaushwa wakati wa mvua kubwa. Moto huwashwa nje kwenye tanuri, na joto lake hupita ndani ya bani kwa mabomba ya bati, usiku na mchana, kwa muda wa wiki nzima mpaka majani yakauke. Nikajenga kichumba cha kuegemea ukuta wa bani, upande wa mabomba hayo. Kilikuwa kikavu, chenye joto kama kifua cha mama. Nilikiziba kwa mikono yangu. Kila ufa niliusindilia udongo na vipande vya gunia, na dirisha nikalifunika kwa bati la debe ili upepo wa mvua usipate pa kuingilia. Nilijivunia kazi ile.

Yule binti mkubwa alisoma kwa njaa. Alisoma gazeti lililofungia chumvi, alisoma gunia la mbolea, alisoma maneno ya kanga mgongoni mwa mama yake akitembea nyuma yake. Mwezi haukwisha akawa anamsahihisha mdogo wake kabla yangu.

Siku moja tukiwa kichumbani na moto ukiwaka, akaacha kusoma katikati ya sentensi.

"Baba, wanapita."

"Nani?"

"Watu wenye mizigo."

"Umewaona wapi? Dirisha limezibwa."

"Siwaoni, nawasikia. Wa mbele ana njuga mguuni."

"Bibi yako amekujaza hadithi. Soma."

Akasoma. Mdogo wake alikuwa amelala, shavu juu ya kibao cha kuandikia.

Sikumwambia kwamba nami nilikuwa nawasikia. Zilikuwa nyayo nyingi, za watu wasio na viatu, juu ya udongo uliolowa, na juu yake mlio mwembamba kama wa njuga za mbali. Hazikukaribia wala hazikwenda mbali. Nilitoka nje kama mtu anayekwenda kutazama moto. Nje palikuwa na mvua tu, na nyasi fupi zile, hakuna hata jani lililokanyagwa. Niliporudi na kufunga mlango nikaketi, kabla sijamaliza kuandika mstari mmoja ubaoni, wakaanza tena.

Katika daftari niliandika: kichwa, kichefuchefu, usingizi mchana. Nikawapa klorokwini.

Mama mkwe alikuwa akiishi nasi katika kibanda chake uani. Jioni moja nikiwa nakula, sauti yake ikatoka nyuma ya ukuta.

"Mwambie mumeo chumba kile kina mtu. Kuku wangu alikwenda kuatamia mle. Nimemkuta amekufa juu ya mayai yake, hana jeraha, hakuharisha, ametulia tu kama amelala. Mtu huyo anakula pumzi."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama kuku hufa kwa kideri. Na wapagazi walikwisha kufika Ujiji zamani."

Nilifurahishwa na jibu langu. Sauti ikarudi kutoka nyuma ya ukuta: "Mwambie kideri hakichagui kuku mmoja."

Nimelirudia neno hilo kichwani miaka hii yote. Mama yule aliniletea mambo mawili, moja alilolisadiki na moja aliloliona kwa macho yake. Nililikataa la kwanza na la pili nikalitupa pamoja nalo. Angekuwa mtu mwingine, angenishika mkono akanipeleka kwa kuku wake, akaniwekea mzoga ule mapajani. Yeye asingeweza. Na mimi, nakiri, nilipenda kwamba asingeweza.

Baadaye mke wangu akaniuliza, taratibu, akikusanya vyombo: "Wewe ukiwa mle ndani, husikii kitu?"

"Nasikia mvua."

Akaniamini, maana mimi ndiye niliyesoma.

Siku yenyewe mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Mke wangu alikuwa kwenye shamba la kijiji pamoja na wenzake. Bani lilikuwa limejaa, kuni zilikuwa mbichi, nami nilikuwa nimeuziba nusu mdomo wa tanuri ili moto usile kuni haraka. Nikaingia chumbani na watoto, nikasukuma gunia chini ya mlango. Tulikuwa na hesabu za saba. Saba mara tatu, saba mara nne. Yule mdogo akaomba kwenda kukojoa, akatoka, nami nikasahau kwamba ametoka.

Siku ile hawakupita nyuma ya bani. Walipita chumbani.

Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha sasa, kwamba sikuogopa hata kidogo. Niliwasikia wakiingia upande wa ukuta wa joto na kutokea upande wa mlango, na pumzi zao, na njuga ile karibu kabisa na sikio. Nikaivuta miguu yangu chini ya kiti wasije wakajikwaa. Binti yangu alikuwa ameinamia kibao, chaki ingali vidoleni. Nilijua kwamba hajajibu saba mara sita. Nilijua napaswa kusimama nimwinue. Nikaona hilo laweza kungoja mpaka msafara uishe.

Halafu mmoja wao akasimama. Alikuwa mwanamke, amejitanda kanga inayochuruzika maji. Akainama, akamshika mwanangu makwapani, akamwinua. Nilitaka kumwambia kwamba huyo si mzigo wake. Ulimi haukunyanyuka. Akatoka naye. Akarudi peke yake, akanikamata vifundo vya miguu.

Nilijikuta chali matopeni, mvua inanipiga usoni. Mama mkwe alikuwa amesimama juu yangu, kichwa wazi, kanga imemtoka, ananitazama ndani ya macho. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa ya mke wangu.

"Wewe! Amka! Mwite mwanao!"

Akanizaba kofi. "Mwite, wewe! Mimi nimemwita hasikii!"

Nilifungua kinywa nimwite nikatapika. Yule mdogo alikuwa amekaa karibu na kichwa cha dada yake, akimwambia kwa hasira, "Jibu basi. Bibi anakuita. Jibu." Ni yeye aliyekwenda kumwambia bibi yake kwamba baba na dada wamelala na hawataki kuamka.

Binti mkubwa alikuwa anapumua. Balozi alimpakia kwenye baiskeli, amefungwa kwa kanga mgongoni mwake kama mtoto mchanga, mpaka zahanati. Njia nzima hakunitania. Mtabibu, kijana, hakuniuliza habari za malaria. Aliuliza habari za moto.

"Moto ukikosa pa kupumulia hutoa hewa nyingine," akasema. "Haina harufu, haina rangi. Inampa mtu kichwa, inampa usingizi. Wengine husikia masikio yakilia. Mabomba yenu yana nyufa?"

Sikujua. Nyufa nilizozikagua ni za upande wa kuingiza upepo.

Nilimpa daftari langu, nadhani nilitaka aone kwamba mimi si baba wa hovyo. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa. "Siku hizi ambazo hukuandika kitu, watoto walikuwaje?"

"Wazima."

"Na bani?"

Nikahesabu moyoni. Zilikuwa siku za kushusha tumbaku iliyokauka na kupakia nyingine. "Lilikuwa baridi," nikasema.

Akalifunga, akanirudishia.

Binti yangu alilala siku mbili. Siku ya tatu akanywa uji. Mke wangu alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, nami nikamwambia pale pale, kwa sababu nilijua nikitoka mle bila kusema sitasema kamwe.

"Nilikuwa nawasikia."

"Toka lini?"

"Toka mwanzo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia mvua."

Hakupiga kelele. Akamgeuza mtoto ubavu wa pili, akamfunika.

Nilikibomoa kichumba kile kwa sururu. Kisha nikatenga mbuzi wa kusafisha mwiko, maana mama mkwe alikuwa amenishika na kunitazama, na nikamwomba mke wangu ampelekee salamu. Jibu lilikuja kutoka nyuma ya ukuta kama zamani. "Mwambie sikumgusa mkwe. Nilimgusa mtu anayekufa. Mbuzi wake akae naye." Tangu hapo mpaka tulipomzika hakunitazama tena.

Kwa wiki mbili binti yangu alikuwa mzima kabisa. Alicheza, alimtania mdogo wake, na sisi tukaanza kupumua. Halafu kitu ndani yake kikaanza kuzimika, kidogo kidogo. Alisahau alikoweka ndoo. Alisimama uani akashindwa kukumbuka alikuwa akienda wapi. Asubuhi moja mama yake alifungua chumvi, binti akaiokota ile karatasi, akaigeuza juu chini, akanionyesha. "Baba, hapa wamechora nini?"

Zilikuwa herufi kubwa. Alikuwa amezisoma mwezi uliopita kutoka ng'ambo ya chumba.

Jumatatu iliyofuata niliwapeleka wote wawili shuleni. Mwalimu mkuu akampa chaki aandike jina lake. Aliishika chaki vizuri, kama nilivyomfundisha, akautazama ubao, akanitazama mimi. Mwalimu akasema, kwa upole ambao sikuustahili, "Tutaanza mwanzo, mzee. Akae na mdogo wake." Akakaa darasa la kwanza, magoti yamegusa meza. Tulianza mwanzo mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata. Mdogo wake alimpita. Yeye ni mtu mzima sasa, ana watoto, ana akili ya kuishi na watu kuliko mimi. Kusoma hakukurudi.

Mchana wa siku ile ya kwanza niliwafuata shuleni. Njia ya kurudi nyumbani hukatisha ule mfereji wa nyasi fupi. Tulipofika hapo binti yangu mkubwa akasimama. Akamvuta mdogo wake kando, wakaingia majanini, akainamisha kichwa.

"Shikamooni," akasema.

Hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa kali, mchanga wa njia ulikuwa na alama za miguu yetu ya asubuhi tu. Mdogo wake akacheka, akafinywa, akanyamaza. Nikasikiliza. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, na sikusikia kitu.

"Baba, unawasikia?"

"Siwasikii, mwanangu. Kule chumbani niliwasikia. Nikakuficha."

Akalifikiri jambo hilo. Hakuonekana kukasirika. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kiganja, akanivuta nitoke njiani.

"Basi njoo usimame huku," akasema. "Wa nyuma bado hawajapita."