Chafya Iliyonipa Tapsubei

Nilitaka binti yangu aitwe Tapsubei, jina la shangazi wa baba yangu kule Chebunyo. Mama mkwe alicheka: "Jina la enzi za kuvaa ngozi!"

Kwetu Wakipsigis, akina mama hutaja majina ya waliokufa, na mtoto huchagua lake kwa kupiga chafya. Miaka mingi sikuwa nimesikia habari za shangazi, kwa hivyo niliapa mbele ya wote kwamba alishazikwa.

Mama mkwe alitaja majina sita. Mtoto kimya. Mimi nikataja moja tu, Tapsubei. Chafya! Niliruka, nikapiga vigelegele, nikamzunguka mama mkwe nikicheza.

Mlangoni alikuwa amesimama Tapsubei mwenyewe, na kibuyu cha maziwa ya mursik mkononi.

"Nimeitika," akasema. "Sasa ni nani aliyenizika bila kuniambia?"