Maandishi Kwenye Vifuniko

Kazini walimwita Mama Minyoo, naye hakuchukia, maana miaka kumi na tisa ya uhai wake ilikuwa imeishia kwa viumbe hao. Si wale wa tumboni, usije ukakunja uso. Hawa ni wa udongoni, hawazidi koma ya gazetini, na miili yao inapitisha mwanga, hivyo chini ya hadubini unaona utumbo, mayai, kila kitu, bila kumpasua yeyote.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu viungo vya uzazi vilivyopinda ovyo. Mnyoo anapokua, seli moja hutangulia kwenye ncha ya kiungo hicho. Hutambaa, hupanda, kisha hugeuka kurudi ilikotoka, na kiungo kizima kinaifuata nyuma mpaka kinapata umbo la kulabu. Isipotee njia, seli hiyo hushika kuta inazopitia kwa vipokezi vilivyo kwenye ngozi yake. Mtafiti wa maabara ile, binti wa miaka ishirini na minane ambaye wenzake walishaanza kumwita Dokta kabla ya wakati, aliacha kundi la kwanza la minyoo likiwa zima, na katika kundi la pili alikuwa ameharibu kipokezi kimoja ili aone seli itakosea wapi. Mama Minyoo alimhesabia minyoo mia mbili. Matokeo yakatoka kama yalivyoombwa. Ijumaa binti angeyatetea mbele ya walimu watano, apate shahada yake.

Jumatano, akiosha sahani za vioo walimofugwa minyoo wale miezi miwili nyuma, Mama Minyoo akaona mwandiko wake mwenyewe kwenye vifuniko.

Kila mtu wa kazi ile huandika jina la kundi chini ya sahani, kwa sababu vifuniko huvuliwa na kuchanganyika. Yeye ndiye aliyewafundisha wote. Lakini wiki ile ya kuhesabu mama mkwe alikuwa amelazwa, naye alishinda akikimbia kati ya wodi na maabara, macho mekundu, miguu imevimba. Sahani thelathini alizifunua kwa mkupuo mmoja. Kifuniko kipi kilirudi wapi? Minyoo walikwisha kuchemshwa. Hakukuwa na wa kuulizwa.

"Si yametoka vizuri?" mumewe alimuuliza usiku ule, alipomsimulia walipokuwa wakila. "Nyamaza basi. Umechoka, mke wangu."

Kuchoka alikuwa amechoka kweli. Akiwaza kuinamia tena ile hadubini, shingo ilimuuma kabla hajafika. Na akimwaza yule binti, aliona aibu mpaka chakula kikamshinda.

Alhamisi asubuhi alimkuta Dokta peke yake, akamwekea vifuniko vitatu mezani.

"Mwanangu, nimekuharibia. Niliandika juu. Siwezi kuapa kundi lipi ni lipi."

Binti aliviangalia, asiviguse.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Niliviona wiki ileile."

Mama Minyoo alivuta kiti akakaa. "Ukanyamaza?"

"Nilijiambia una mgonjwa, nisikusumbue." Binti akafuta macho kwa mkono wa koti. "Uongo. Namba zilikuwa nzuri, mama. Nikaogopa kuuliza."

Mama Minyoo alitamani kumfokea. Siku nzima na usiku wake alikuwa amejitafuna peke yake, kumbe mwenzake ana miezi miwili anakula, analala, anamsalimia. Iliuma kuliko kosa lenyewe. Lakini hata hasira inataka nguvu, na yeye hakuwa nazo.

"Waandikie walimu wako leo. Waambie utachelewa, na sababu uitaje."

"Na minyoo?"

"Tunaanza upya. Ila safari hii unahesabu wewe, mimi naandika."

Wiki tatu baadaye binti alikuwa ameinama kwenye hadubini, bega moja juu, akitaja kimoja kimoja: sawa, sawa, kimepotea. Alipofika wa thelathini akajinyoosha, akashika kiuno.

"Mama, hivi shingo huzoea?"

"Haizoei," alisema Mama Minyoo, kalamu ikiwa tayari. "Taja wa thelathini na moja."