Mkono wa Ilunga

Jumamosi ile kwaya yetu ya Hewa Bora ilifanya mazoezi kama kawaida. Mume wangu Ilunga, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyeiongoza. Alipoinua mkono wa kulia na kufunga vidole, hata wale besi wenye vichwa vigumu walinyamaza. Mimi nilikuwa sauti ya pili, na nilichelewa kunyamaza makusudi, nimchokoze.

Jumatatu ujumbe ulizagaa kwenye simu: tutoke wote, mtawala amekataa kuachia kiti. Haukuwa na jina la aliyeuandika. Mmoja ulisema twende mjini, mwingine barabara ya Luano. Majirani walifurahi kwamba hakuna chef, kiongozi wa kununuliwa. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema.

Ilunga hakufurahi. "Kama askari banaanza kupiga, nani atasema turudie ku nyumba?" aliniuliza. Lakini vijana wa kwaya walikuwa wameshatoka. Akawafuata, nami nikamfuata yeye.

Kwenye barabara ya Luano tuliwakuta askari wamesimama mbele ya lori lao. Afisa wao akapaza sauti.

"Chef wenu ni nani? Akuye hapa, tuzungumuze!"

"Hatuna chef!" mtu akajibu kutoka katikati yetu. "Siye bote tuko ba-chef!"

Watu wakacheka. Nyuma yangu vijana nisiowajua walianza kuokota mawe.

Ilunga akapanda ukingo wa mtaro. Akainua mkono wa kulia, akafunga vidole.

Kwaya ikanyamaza. Wengine nao wakanyamaza.

"Bana yangu, mwikale chini," alisema.

Tukaketi.

"Njo huyu chef wenu," afisa akasema.

Wakampandisha lorini. Jiwe likaruka. Kisha risasi.

Nililala mtaroni, uso kwenye maji machafu. Nilipoinuka, lori halikuwepo.

Miaka imepita. Kila ofisi niliyokwenda kumtafuta waliniuliza mume wangu alikuwa kiongozi wa chama gani. Nikajibu: wa kwaya. Walicheka. Na wapo wa mtaani kwetu wanaosema alitukalisha chini ili tukamatwe. Hilo linaniuma kuliko kicheko cha ofisini. Sikatai kwamba tulikuwa na haki ya kutoka. Nasema tu kwamba siku ile kila mtu aliweza kusema twende, na aliyesema tukae alikuwa mmoja.

Binti yetu Monique ndiye anayeongoza kwaya sasa. Akitaka kimya anatikisa kichwa, na besi huchelewa. Mkono nilimkataza kuinua.