Kartushi za Bunduki ya Baba

Maduka ya mjini yalipokwisha kuporwa na mishahara ya mgodi ikakatika, nyumba yetu ya mtaa wa Hewa Bora iliishi kwa bunduki ya baba. Ilikuwa bunduki kubwa ya nyati, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Kisha mguu wa baba ukavimba. Nilijua zamu ni yangu. Baba akamkabidhi bunduki mume wa dada yangu.

Wivu ulinishika. Mimi ndiye niliyeisafisha bunduki ile tangu utoto. Yeye alikuja na posa tu!

Kartushi zetu, zile risasi zenye ganda la baruti, zilikuwa zimekwisha. Mchuuzi akatuletea nyingine kutoka Sakania, mpakani, zimechanganyika ndani ya mfuko wa unga. Baba akazimwaga mezani.

"Mukwe, chagua."

Shemeji akaokota zenye risasi iliyochongoka. "Hizi, baba. Zinaenda mbio, na zote zinaingia."

Usiogope jambo hili, si gumu. Kartushi kuingia ndani ya mtutu hakutoshi. Fundi aliyeunganisha mitutu ile miwili aliielekeza ili, kwa risasi ya uzito fulani, yote ipige mahali pamoja. Ukiweka risasi nyepesi, kama zile zilizochongoka, kila mtutu unashika njia yake. Kwa swala, utakosa nyama. Kwa nyati, risasi ya pili ndiyo inayokurudisha nyumbani. Bunduki ya baba ilitaka risasi nzito, yenye pua ya mviringo.

Nilipoeleza hayo, shemeji akacheka.

"Shemeji, weye unafungaka macho mbele ya kupiga. Nyati utaiua na mudomo?"

Dada yangu naye akacheka, jambo lililoniuma zaidi.

"Mujaribu," baba akasema.

Nyuma ya mashamba tulibandika karatasi kwenye kichuguu. Shemeji akapiga kwa kartushi zake, mtutu wa kulia, kisha wa kushoto. Kati ya matundu kiganja kizima kilienea. Akapiga kwa zile nilizochagua mimi. Matundu yakagusana. Nikamgeukia baba, mikono yangu tayari kupokea bunduki.

"Umeona, mukwe?" baba akasema. "Ubebe hizi za ndugu yako. Kesho unaenda."

"Na miye, baba?"

"Weye unajua kuchagua. Yeye anajua kupiga. Nyati haingojake muntu afungue macho."

Shemeji alirudi na lori la makaa kutoka upande wa Kambove, nyama imefunikwa kwa majani. Wanawake wa mtaa wakampigia vigelegele. Akawasimulia jinsi nyati alivyomjia baada ya risasi ya kwanza, na jinsi ya pili ilivyomwangusha karibu na miguu yake. Hakuna aliyeuliza kartushi zile zilichaguliwa na nani.

Dada alinipa sahani. Nyama ilikuwa tamu kweli. Niliila kwa hasira, nikaomba kipande kingine.