Zamu ya Kukata Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilianguka majini kabla sijapiga kafi hata mara moja. Ilikuwa Majanji, upande wa Busia ya Uganda, na wanawake waliokuwa wakianika mukene, dagaa wa ziwa hili, ufuoni waliacha kazi yao wakanitazama nikitapatapa kwenye maji yaliyonifika kiunoni. Nilitoka Mulanda, kwa watu wa mihogo na ulezi, na ziwa nilikuwa nimeliona kwa dirisha la basi tu. Nilikuwa na digrii ya sosholojia, mabega ya kucheza netiboli, lakini sikuwa na ajira, hivyo nikaomba kazi ya kupiga kafi kwenye timu ya mbio za boti.

"Msomi, umeoga?" sauti ilisema. "Hii boti haitaki maswali. Kaa kama umekaa kwa kiti ya kanisa."

Huyo alikuwa Nabwire, binti wa mvuvi Msamia, aliyekuwa akipiga kafi tangu utotoni. Mimi na yeye tungekaa boti moja kwa miaka saba.

Ninyi mnaoanza sasa mnajua vyombo hivi, lakini sisi tulivishangaa. Kayaki ya mbio ni nyembamba kama ganda la njugu, na ukipumua vibaya inapinduka. Yetu ilikuwa ya watu wawili. Wa mbele anashika mwendo na kuongoza usukani mdogo kwa miguu. Wa nyuma hana usukani wala haoni mbele vizuri. Kazi yake ni kuchovya kafi sekunde ileile anayochovya mwenzake. Nabwire alikaa mbele. Kwa mtu kama mimi, ambaye shuleni nilifukuzwa darasani kwa kumwuliza padri nani alimwumba Mungu, kukaa nyuma ya mgongo wa mtu na kumfuata bila neno ilikuwa adhabu.

Kocha alitoka Sio Port, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na aliwahi kushindana mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini tunainua mkono wa juu hadi usawa wa jicho. Nilimwuliza kwa nini tunazungusha kiwiliwili badala ya kuvuta kwa mkono.

"Dada," alisema, "maswali yako ni mengi kuliko makafi yako. Piga kwanza, nitakujibu tukifika."

Kusema kweli, tukifika alijibu. Mabosi wa namna hiyo ni wachache.

Kutoka Majanji tulipelekwa kambini Jinja, kwenye maji tulivu ya mto, kujiandaa kwa michezo mikubwa ya kimataifa ambako kuna riadha, ndondi, kuogelea na kila kitu. Huko ndiko Meneja wa Timu alipotukusanya. Alikuwa mtu wa suti na simu mbili.

"Boti za Majanji ni za kuazima," alisema. "Mkimaliza ndani ya nane bora kwenye mbio yoyote, zinabaki Majanji. Msipoweza, zitahamia kambi nyingine. Sina la kuongeza."

Nilimwuliza nani aliamua nane na si kumi. Hakupenda swali. Lakini Nabwire aliwafikiria wasichana. Majanji kulikuwa na wasichana kumi na kitu waliokuwa wakipokezana boti mbili tu, na yeye ndiye aliyewaita mmoja mmoja kutoka kwenye kazi ya kuanika samaki.

Michezo ilipoanza, mbio yetu ya kwanza ilikuwa fupi. Kila boti ina njia yake iliyopangwa kwa maboya, na mwamuzi anafuata nyuma kwa motaboti akiwa na bendera mbili: nyeupe ikiinuliwa mwishoni, mbio ni safi; ikiinuliwa nyekundu, kuna kosa. Tulianza vizuri. Katikati upepo wa mbele ukaja, na nikahisi boti inahama polepole kuelekea kushoto, kisha ikawa nyepesi ghafla, kama mtu ameteremka. Tulimaliza wa tatu, nikapiga kelele za furaha hadi nilipogeuka.

Bendera ilikuwa nyekundu.

Nabwire hakuelewa. Ziwani, upepo ukija, wavuvi hawapambani nao kila mtu peke yake. Mmoja hutangulia kukata maji, wengine hukaa kwenye mkia wake, yaani yale mawimbi yanayobaki nyuma ya chombo na kumsukuma anayefuata. Miguu yake ilikuwa imegeuza usukani yenyewe, kama ambavyo ingefanya akiwa na baba yake.

"Kwani tumeibia nani?" alimwuliza Mwamuzi Mkuu, nami nikatafsiri.

Mzee yule alieleza kwa upole. Katika mbio fupi, kila boti lazima ishinde kwa nguvu zake, katikati ya njia yake. Kupanda mkia wa mwenzako ni kosa, na nafasi yetu ya tatu ilikuwa imefutwa.

"Na mbio ndefu?" niliuliza.

"Huko hakuna njia. Huko ni halali."

Nilimtazama Kocha. Mbio ndefu tulikuwa tumejiandikisha kama mazoezi tu, kwa sababu hakuna aliyetutegemea. Kocha alikuna kichwa.

"Sista, hilo swali nalilipia soda," alisema.

Siku ya mbio ndefu boti zote zilianza pamoja, zikigongana makafi. Nabwire alijipenyeza hadi kwenye mkia wa kundi la mbele, boti saba, na hapo akatulia. Boti ikawa nyepesi tena. Nyuma yetu kundi la pili lilikuwa linakaribia. Nilihesabu kichwani: tukikaa hapa hadi mwisho, sisi ni wa nane. Boti zinabaki.

Ndipo nikahisi anageuza usukani kwenda nje, mbele, kwenye upepo.

"Unaenda wapi?" nilifoka. "Kaa hapa!"

"Tumebebwa. Sasa ni zamu yetu."

"Nabwire, hii si Majanji! Hawa hawatudai kitu!"

"Piga, msomi."

Ningeweza kuacha kupiga. Nililifikiria hilo, sikatai. Lakini boti ya watu wawili haijui kura, na kama yeye alikuwa amekosea, afadhali akosee kwa kasi. Tulitangulia. Maji yakawa mazito kama uji, mabega yakawaka, na nilikuwa na hakika tumeuza boti za wasichana kwa sababu ya adabu ya wavuvi.

Kisha boti moja ikatupita polepole ikashika uongozi, na mpiga kafi wake wa nyuma akatuashiria kwa kidevu: ingieni. Tukaingia mkiani mwao. Baadaye mwingine akachukua zamu, kisha mwingine. Kundi la pili likapotea nyuma. Boti mbili ambazo hazikutangulia hata mara moja zilisukumwa pembeni kila zilipotafuta mkia, mpaka zikabaki.

Tulimaliza wa sita. Sikushangilia. Niligeuka kwanza.

Nyeupe.

Nimestaafu sasa, bila mvi hata moja, jambo linalowachekesha sana watu wa Mulanda. Mabega yamekataa. Nabwire na mimi tunafundisha Majanji, kwenye boti zilezile zenye viraka, na nyingine ambazo zimeongezeka. Bado sijui kama alichofanya siku ile kilikuwa heshima au mbinu. Nimemwuliza mara nyingi, naye hunitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu husalimiana.

Jumamosi iliyopita, katikati ya ziwa, upepo ulipoanza, msichana mgeni kutoka Buteba alinigeukia kutoka mkiani mwa boti za wenzake. Alikuwa amebebwa muda mrefu.

"Kocha, kwa nini mimi nitangulie? Hapa niko sawa."

Nilimpenda papo hapo.

"Swali zuri," nikamwambia. "Tangulia kwanza. Nitakujibu tukifika."